Kesi ya Kirusi cha Nairobi

Ndugu msikilizaji, na wewe unayenisoma gazetini, juma hili nataka tuzungumze habari ya shingo. Sehemu ya mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo, kila mmoja wetu, mwanamume kwa mwanamke, ana tezi dogo lenye umbo la kipepeo. Kwa mtu mzima tezi hilo halizidi gramu 25 hivi. Hata hivyo ndilo linaloamua moyo uende kasi gani, mwili uwe na joto kiasi gani, chakula kitumike upesi au polepole, na mtoto aliye tumboni ajengwe ubongo wa namna gani.

Kilichonifanya nichague jambo hili ni barua kutoka Ngaka, mkoani Ruvuma. Siku hizi watu wengi huijua Ngaka kwa makaa ya mawe, maana malori yamekuwa yakitoka huko tangu mgodi ulipoanza kazi mwaka 2011. Aliyeniandikia haandiki habari ya makaa. Anasema dada yake amekonda, mikono inatetemeka, jasho linamtoka hata asubuhi ya baridi, macho yamejitokeza kama ya mtu aliyeshituka, na shingo imevimba. Amepimwa, akaambiwa kwamba tezi la shingo linafanya kazi kupita kiasi kwa sababu kinga ya mwili wake inaushambulia mwili huo huo. Dawa amepewa, na nafuu anaiona.

Taabu iko nyumbani. Kijana mmoja msomi wa ukoo huo amesoma mahali kwamba ugonjwa huo huletwa na virusi, tena virusi vilivyogunduliwa hapa hapa Afrika Mashariki. Tangu siku hiyo dada huyo ametengewa kikombe chake, sahani yake na kigoda chake, na wajukuu wamekatazwa kulala naye. Ndugu yake ananiuliza: je, ni kweli ugonjwa huu unaambukiza?

Jibu fupi ni hapana. Lakini jibu fupi halitamwondolea mama huyo kikombe cha peke yake, maana yule kijana hakusema uongo mtupu. Kirusi kilikuwapo kweli. Kilitoka Afrika Mashariki kweli. Na wanasayansi wenye sifa zao waliwahi kukishitaki kwamba ndicho kinacholeta ugonjwa wa namna hiyo hiyo aliyo nayo dada wa Ngaka. Alichokosa kijana ni kusoma hukumu iliyotolewa baadaye. Kwa hiyo inanibidi niieleze kesi yenyewe tangu mwanzo wake.

Kwanza tutenganishe magonjwa mawili, maana huko kusini yamechanganywa kwa muda mrefu. Ugonjwa wa kwanza ni rovu la kawaida, lile ambalo wazee wa Ukinga, Upangwa na Umatengo wamelijua vizazi na vizazi. Tezi linahitaji madini joto ili litengeneze homoni zake, na likiyakosa hujitanua, kama mkulima anayelima shamba kubwa zaidi kwa sababu udongo umechoka. Madini joto yamejaa baharini. Milimani mvua huyaosha, ikayapeleka chini kwa maelfu ya miaka. Wamatengo wana kilimo chao cha ngoro, yale mashimo yanayopangwa kwenye mteremko ili udongo usichukuliwe na maji, nacho ni kilimo ambacho wataalamu wa nchi za nje wamekuja kujifunza. Ngoro zimehifadhi udongo, lakini madini joto yalikwisha kwenda kabla jembe la kwanza halijaingia ardhini.

Huko chini ufukoni, Mbamba Bay na Liuli, mtu angedhani samaki wangeokoa shingo za watu. Ziwa Nyasa si bahari. Maji yake ni ya mito itokayo milima hiyo hiyo, ukiwemo Ruhuhu ambao hupokea maji ya Mto Ngaka, na samaki wake hawana madini joto kama samaki wa Kilwa. Zaidi ya hayo, ufukoni chakula kikuu ni ugali wa muhogo, na muhogo usiolowekwa vizuri una sumu ambayo mwili huigeuza kuwa kitu kinachozuia tezi lisichukue hata yale madini machache yaliyopo. Jambo hili lilichunguzwa sana katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, huko Kongo. Watafiti waliona kwamba watu wa kaskazini ya kisiwa walikuwa na rovu wengi kuliko wa kusini, ingawa wote walikosa madini joto sawasawa. Muhogo ndio ulioonekana kuwa tofauti. Nakuomba uukumbuke mfano huu wa Idjwi, maana unaonyesha kwamba sababu moja, hata ikiwa ya kweli, huenda isitoshe kuleta ugonjwa.

Daktari Michael Latham, ambaye alikuwa mganga wa serikali Tanganyika na mtaalamu wa lishe, alipima watu wa Ukinga na kuchapisha matokeo yake mwaka 1965. Waliokuwa na rovu walikuwa wengi kuliko wasiokuwa nalo. Taasisi ya Chakula na Lishe iliyoundwa mwaka 1973 iliendelea na kazi hiyo. Kuanzia mwaka 1986 vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi, kwa watu wa umri wa miaka 2 hadi 45, ikiwemo mikoa ya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma. Katika miaka ya 1990 ikaja chumvi yenye madini joto na sheria yake. Katika miaka ya 1980 watoto wa shule wenye rovu nchini walikadiriwa kuwa asilimia 25. Uchunguzi wa mwaka 2004 ulikuta asilimia 7. Sijui kazi nyingine nyingi za afya katika nchi yetu zilizofanywa kimya kimya namna hiyo, kwa kitu cha bei ndogo kama chumvi, zikazaa matunda ya namna hiyo.

Rovu hili haliambukizi, na hakuna anayesema linaambukiza. Sasa tuje kwenye ugonjwa wa pili, wa yule dada.

Huu unaitwa ugonjwa wa Graves, kwa jina la daktari wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835. Wajerumani huuita ugonjwa wa Basedow, kwa daktari wao aliyeueleza mwaka 1840. Moyo unakwenda mbio, mwili unakonda ingawa mtu anakula, usingizi unapotea, macho yanatoka. Zaidi ya miaka mia moja ilipita bila mtu kujua kwa nini tezi lishikwe na wazimu huo. Wengine walisema ni mshituko wa moyo na majonzi. Upo na ugonjwa ulio kinyume chake, ambao tezi huchakaa taratibu hadi likaacha kazi. Huo ulielezwa mwaka 1912 na daktari kijana wa Japani, Hashimoto Hakaru, ambaye aliona chini ya hadubini kwamba tezi limejaa chembe nyeupe za damu, kama kijiji kilichovamiwa na jeshi.

Jeshi la nani? Jibu lilipatikana mwaka 1956. Katika hospitali ya Middlesex mjini London, Ivan Roitt, Deborah Doniach na wenzao walikuta kwamba damu ya wagonjwa wa Hashimoto ina kingamwili zinazolenga tezi la mgonjwa mwenyewe. Mwaka huo huo Noel Rose na Ernest Witebsky, huko Buffalo nchini Marekani, walithibitisha kwa sungura kwamba mwili unaweza kufundishwa kulipiga tezi lake. Tena mwaka huo huo watafiti wa New Zealand walikuta katika damu ya wagonjwa wa Graves kitu cha ajabu kinachoamrisha tezi lifanye kazi bila kupumzika, na baadaye ikajulikana kwamba nacho ni kingamwili. Kwa hiyo magonjwa haya mawili ni ndugu. Katika moja askari wanabomoa nyumba, katika jingine wanamshikia mwenye nyumba fimbo afanye kazi usiku na mchana.

Baada ya kujua kwamba askari wameasi, swali likawa ni nani aliyewachochea. Hapo ndipo virusi vilipoingia katika orodha ya washukiwa, na sababu yake ni ya kueleweka kabisa. Kazi ya kinga ya mwili ni kupambana na wavamizi. Mgambo aliyeonyeshwa picha ya mwizi mwenye kofia nyekundu anaweza kesho akamkamata jirani yake kwa kofia nyekundu. Kirusi kikifanana kidogo tu na kitu kilichomo katika tezi, askari waliofundishwa kukipiga wanaweza kuligeukia tezi lenyewe. Au kirusi kinajificha ndani ya tezi, askari wakimfuata humo wanaharibu nyumba nzima. Ni mawazo mazuri. Lakini wazo zuri si ushahidi.

Sasa tuondoke kwenye tezi kidogo, twende Kampala na Nairobi, ambako mshukiwa wetu alizaliwa.

Tarehe 22 Machi 1961, katika hospitali ile ile ya Middlesex, Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Hospitali ya Mulago, Kampala, alitoa mhadhara juu ya saratani ya taya iliyokuwa ikiwaua watoto wa Uganda. Katika wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, aliyekuwa akitafuta virusi vya saratani. Burkitt akawa anampelekea vipande vya uvimbe kwa ndege, na mwaka 1964 Epstein, pamoja na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, na Yvonne Barr, wakatangaza kirusi kipya, ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Achong aliachwa nje ya jina hilo, jambo ambalo sijapata kulipenda.

Baada ya hapo wakageukia saratani nyingine iliyoonekana mara nyingi Kenya, ile inayoota nyuma ya pua, juu ya koo. Peter Clifford, mpasuaji wa masikio, pua na koo mjini Nairobi, alikuwa mmoja wa walioshirikiana nao. Chembe za uvimbe wa mgonjwa mmoja Mkenya zilioteshwa katika chupa huko Uingereza. Mwaka 1971 Achong, Epstein, Clifford na mwenzao mmoja wakaripoti kwamba chembe hizo zilikuwa na kirusi kisicho cha kawaida. Chembe zilizoingiwa naye ziliungana na kuwa kubwa, zikajaa matundu hadi zikaonekana kama povu la sabuni. Kwa hiyo kikaitwa kirusi cha povu, na kwa kuwa kilitoka kwa mtu, kikaitwa kirusi cha povu cha binadamu.

Virusi vya povu vilikuwa vinajulikana tayari katika nyani na kima. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani walikilinganisha kile cha Nairobi na vya wanyama, wakaona kinafanana mno na kile cha sokwe. Hapo palikuwa na kidokezo, maana Kenya haina sokwe wa porini. Hata hivyo mwaka 1980 ilichapishwa taarifa nyingine kwamba baadhi ya wakazi wa Afrika Mashariki wana kingamwili za kirusi hicho katika damu. Hakuna ugonjwa uliohusishwa nacho. Kikawekwa kwenye barafu, na watu wakaendelea na shughuli nyingine.

Kilichokitoa kwenye barafu ni UKIMWI.

Ninyi mliokuwa watu wazima wakati ule mnakumbuka. Wagonjwa wa kwanza nchini walionekana Kagera mwaka 1983, na Uganda watu wakauita ugonjwa huo Silimu kwa sababu ya ule ukondefu. Ilipojulikana kwamba chanzo chake ni kirusi cha kundi la retrovirusi, kila mtaalamu alianza kutafuta retrovirusi nyingine zilizojificha nyuma ya magonjwa yasiyoeleweka. Kirusi cha povu ni cha ukoo huo huo, ingawa ni undugu wa mbali. Hivyo mwaka 1992 kundi la watafiti wa Paris lilitangaza, katika jarida la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, kwamba limekuta katika chembe za damu za wagonjwa wa Graves alama za vinasaba zinazofanana na za kirusi cha povu. Kundi la Georg Wick huko Austria nalo likaandika juu ya uwezekano huo huo. Mwaka huo huo wa 1992 wengine wakaripoti kwamba walipima damu zaidi ya 3,000 kutoka nchi mbalimbali, na kwamba kingamwili za kirusi hicho zilionekana zaidi kwa wagonjwa wa Afrika, wa Tanzania wakiwemo.

Unaona mashitaka yalivyokamilika, ndugu msikilizaji. Kirusi kimetoka Afrika, damu za Waafrika zina alama zake, wagonjwa wa tezi wana vinasaba vyake, na tena ni ndugu wa kirusi cha UKIMWI. Hiki ndicho alichokisoma yule kijana, na mimi simlaumu kwa kuamini.

Naomba nitoke nje ya njia kidogo. Wakati watafiti wa Ulaya wakikisaka kirusi chao, hapa kwetu nako kila mtu aliyekonda alikuwa amekwisha kuhukumiwa. Mama anakonda, anatoka jasho, anaharisha, nywele zinakatika, moyo unamwenda mbio. Majirani wanatazamana. Nani angekumbuka kuuliza habari ya tezi? Dalili hizo zote mgonjwa wa Graves anazo. Naamini wapo waliozikwa na jina la ugonjwa usio wao, na tiba yao ilikuwa vidonge ambavyo vimekuwapo duniani tangu miaka ya 1940 na 1950. Kijijini na maabara, hofu ilikuwa moja. Mtu akiogopa mwizi fulani, humwona katika kila kivuli.

Turudi mahakamani. Uzuri wa maabara, pale inapofanya kazi yake, ni kwamba shahidi mmoja hatoshi. Makundi mengine yalichukua damu na matezi ya wagonjwa wa Graves na kuyapima upya. Mwaka 1994 kundi la Ujerumani la Matthias Schweizer na wenzake lilitangaza kwamba halikuona vinasaba vya kirusi cha povu kwa wagonjwa hao hata kidogo. Wengine Marekani na Japani nao hawakukiona. Mwaka 1995 Wajerumani wale wakaenda mbali zaidi. Walipima damu za watu wengi, zikiwemo za Afrika zilizokuwa zimesemwa kuwa na alama, wakitumia vipimo kadhaa vinavyolazimika kukubaliana kabla mtu hajaitwa mwenye kirusi. Katika watu wa kawaida hawakupata hata mmoja. Waliopatikana nacho walikuwa wachache walioambukizwa kwa ajali, watu waliofanya kazi na kima na sokwe na kuumwa nao.

Kwa nini vipimo vya mwanzo vilidanganya? Kingamwili za mtu aliyeugua magonjwa mengi, malaria na minyoo na mengineyo, huwa nyingi, na baadhi yake hunasa vitu visivyowahusu. Kipimo cha namna moja peke yake kinaweza kusoma huko kunasa kama ndiyo. Hili limewasumbua watafiti wa magonjwa mengine pia katika Afrika, na mimi nadhani takwimu nyingi za zamani juu ya damu zetu zinastahili kutazamwa kwa jicho hilo. Upande wa vinasaba, njia iliyotumiwa ni kali kiasi kwamba vumbi kidogo la chupa ya jirani linatosha kutoa jibu la uongo. Na kuna jambo la tatu. Sisi binadamu tumebeba ndani ya vinasaba vyetu mabaki ya retrovirusi za kale, zilizoingia kwa mababu wa mababu zetu kabla hata hawajawa watu. Anayetafuta kitu kinachofanana na retrovirusi katika damu ya mtu hakosi kukiona.

Kuhusu asili ya kirusi chenyewe, mwaka 1994 vinasaba vya virusi vya povu vya sokwe vilisomwa na kulinganishwa na cha Nairobi. Vilikuwa karibu kitu kimoja. Mwaka 2005 uchunguzi wa wanyama wa jamii ya nyani na sokwe kutoka sehemu nyingi ulionyesha kwamba kila jamii ina kirusi chake cha povu, kilichokua pamoja nayo kwa mamilioni ya miaka, na kwamba cha Nairobi ni cha sokwe wa mashariki, wale wanaoishi Gombe, Uganda na mashariki ya Kongo. Binadamu hana chake. Jina la kirusi cha povu cha binadamu lilikuwa kosa tangu mwanzo.

Kwa mama wa Ngaka kuna ushahidi mmoja mzito zaidi. Wale wafanyakazi walioumwa na wanyama na kuambukizwa kweli walifuatiliwa kwa miaka. Hawakuugua kwa sababu ya kirusi hicho. Wake za baadhi yao, waliolala nao kitanda kimoja, walipimwa na hawakuwa nacho. Kwa hiyo hata kama mama huyu angekuwa na kirusi cha povu, ambacho hana, kikombe kingekuwa hakina kosa.

Je, basi virusi vyote vimeachiwa huru? Hapana, na hapa sitaki kuahidi kuliko ninavyojua. Wataalamu wa Denmark walichunguza mapacha. Kwa mapacha wa kufanana, ambao vinasaba vyao ni vilevile, mmoja akiwa na Graves mwenzake huupata kama mara moja katika kila tatu. Vinasaba vina nguvu kubwa, maana kwa mapacha wasiofanana ni mara chache mno. Lakini vingekuwa ndivyo kila kitu, mwenzake angeugua kila mara. Kuna kitu kingine cha nje kinachoongezeka, kama muhogo wa Idjwi. Moshi wa sigara umethibitika kuwa mmojawapo, hasa kwa macho. Uzazi nao una nafasi yake, maana wanawake wanaougua ni mara kadhaa zaidi ya wanaume, na wengi huanza miezi michache baada ya kujifungua.

Virusi vingine bado viko chini ya uchunguzi. Wagonjwa wa ini wenye virusi vya hepataitisi C hupata matatizo ya tezi kuliko watu wengine, na dawa ya zamani ya ugonjwa huo, intaferoni, iliyazidisha. Japani yamesemwa mengi juu ya kirusi kiitwacho HTLV-1. Matumbwitumbwi, na tangu 2020 Korona, yameonekana kufuatiwa na uvimbe wa tezi wenye maumivu makali ya shingo, lakini huo ni ugonjwa mwingine ambao kwa kawaida hupona wenyewe baada ya miezi. Na kile kirusi cha kwanza cha Epstein, kile cha watoto wa Uganda, bado kinatajwa katika magonjwa mengi ya mwili kujishambulia.

Tukichukulia kwamba Epstein-Barr ndiye mchochezi, je, kikombe kitengwe? Kirusi hicho wanacho zaidi ya tisa katika kila watu wazima kumi duniani, na kwetu watoto wengi hukipata kabla hawajatimiza miaka mitatu. Yule kijana msomi anacho. Wajukuu wanacho. Mimi ninayezungumza hapa naamini ninacho. Kama kila mtu nyumbani anacho na aliyeugua ni mmoja, basi kumtenga huyo mmoja hakumkingi yeyote. Tena watafiti waliolinganisha watoto wa Finland na wale wa upande wa pili wa mpaka, Urusi, mwaka 2008 walikuta kwamba wale wa Urusi, wenye maisha duni na maambukizo mengi zaidi, walikuwa na kingamwili chache za tezi. Yaani yapo maambukizo ambayo pengine huifundisha kinga ya mwili adabu.

Limebaki jambo la chumvi, kwa kuwa najua nitaulizwa. Ni kweli kwamba sehemu zilizokosa madini joto kwa vizazi vingi zikiyapata ghafla, wengine tezi huamka na kufanya kazi kupita kiasi. Ilionekana Zimbabwe katika miaka ya 1990, na mwaka 1996 ikaripotiwa kutoka Kivu, ambako chumvi iliyokuwa na madini mengi mno iliingia sokoni. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa watu wazima wenye rovu la siku nyingi. Hiyo ni sababu ya kupima chumvi vizuri kiwandani na kuwapima watu hospitalini. Si sababu ya mama mjamzito wa Mbinga kuitupa. Mtoto aliyekosa madini joto tumboni anaweza kuzaliwa kiziwi, bubu na mzito wa akili, na hakuna dawa ya kumrudisha.

Kwa ndugu yangu wa Ngaka: dada yako ale nanyi, anywe nanyi, wajukuu warudi kwake. Vidonge asiviache kwa sababu tu amenenepa na mikono imetulia, maana kwa kawaida hutumiwa mwaka mmoja au zaidi, na akiviacha mapema ugonjwa hurudi. Akipata homa kali na koo kuuma wakati anavitumia, aende hospitali siku ile ile, kwa kuwa dawa hizo mara chache hupunguza chembe nyeupe za damu. Macho yakizidi kutoka au akianza kuona vitu viwili viwili, nako asingoje. Na kama kuna mvuta tumbaku ndani ya nyumba, yeye ndiye atengewe kigoda chake, nje.

Kirusi chenyewe hakikutupwa. Wataalamu wamekibadilisha jina, wakaondoa neno binadamu. Kwa kuwa hakiletei mtu ugonjwa, wamekitumia kama mpagazi wa kubeba vinasaba vizima na kuvipeleka ndani ya chembe zenye kasoro, na mwaka 2008 iliripotiwa kwamba mbwa waliozaliwa na kinga mbovu ya damu walitibiwa kwa njia hiyo. Mgonjwa wa Nairobi ambaye chembe zake zilianzisha yote haya hatajwi kwa jina katika maandishi ya wataalamu hao. Ameandikwa tu kuwa ni Mkenya mwenye saratani.